Uzi wa Bi Harusi

Siku buibui walipomaliza kusokota uzi wa mwisho, nilipiga vigelegele peke yangu kwenye roshani ya karakana mpaka mbwa wa Mtae wakaitikia. Msinicheke. Mngekuwa mmesimama pale nilipokuwa nimesimama, na nyinyi mngepiga. Daraja lilikuwa limetoka kwenye mwamba wetu wa Usambara, likapaa juu ya mbuga ya Mkomazi bila nguzo hata moja, likaenda kushika milima ya Upare upande wa Gonja, mbali huko ambako jicho linaona bluu tu. Jembamba, jepesi, limening'inia kwa nyuzi za kaboni ambazo moja moja huzioni mpaka jua lizipate ubavuni. Babu yangu alikwenda Gonja mara moja tu maishani mwake. Alishuka mlima kwa miguu, akavuka mbuga, akapanda mlima, na aliporudi alikuta ndugu zake wameshaanza kugawana mbuzi wake. Sasa ilikuwa safari ya kunywa kikombe cha chai.

Buibui ni mashine zetu za kusokotea. Kila mmoja ana ukubwa wa ndama na miguu minane, anatembea juu ya uzi alioutoa mwenyewe, mbele yake hamna kitu, nyuma yake kuna daraja. Nilikuwa nawatazama wanarudi mwambani mmoja mmoja, wamechoka, kama mashine huchoka, na machozi yananitoka. Ndiyo, nililia. Mimi ni Zaituni Shemhilu, mhandisi wa miaka mingi, na kwenye kazi yangu huwa nalia na kucheka bila kuomba ruhusa.

"We Zaituni! Unapiga vigelegele harusi yenyewe bado?"

Huyo alikuwa Namsifu, opereta wa kreni, anapaza sauti kutoka kwenye kibanda chake huko juu. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana harusi ilikuwa yake. Mpare wa Gonja, anaolewa na Yonazi wetu wa Mtae, mpimaji. Wawili hao walijuana kwenye redio ya kazini, Namsifu ng'ambo hii na Yonazi ng'ambo ile, wakiambiana vipimo vya daraja, mpaka vipimo vikaisha wakabaki wanaongea tu. Kwa hiyo wakubwa wa mradi wakaamua kwamba watu wa kwanza kuvuka Jumamosi hawatakuwa mawaziri. Watakuwa wao. Ndugu wa bi harusi watapanda vigari vya umeme kutoka Gonja, ndugu wa bwana harusi watapanda kutoka Mtae, wakutane kwenye jukwaa la kati, pale juu angani, na bi harusi akabidhiwe hapo hapo.

"Mahari imeisha?" nikamwuliza. "Au nyie Wapare mtatufungulia kesi katikati ya daraja?"

"Tutaifungua! Na tutaishinda, na Wasambaa mtalipa gharama!"

"Matarumbeta mmepata?"

"Ya kutoka Same! Watu kumi na wanne! Jukwaa litatoa vumbi!"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikatoa mfukoni kitambaa chekundu nilichokuwa nimekuja nacho, nikashuka ngazi kwenda kwenye nanga, pale nyuzi zote zinapoingia mwambani, ili nikifunge kwenye uzi wa bi harusi.

Hii ni desturi ya mafundi wetu, na niieleze. Kila daraja alilojenga mwalimu wangu, Bibi Nakijwa Mbwambo, baada ya mahesabu kuisha, baada ya ramani kupitishwa, baada ya kila mtu kudhani kazi imekwisha, yeye aliongeza uzi mmoja zaidi. Hauko kwenye mahesabu. Unapita peke yake, pembeni kidogo na wenzake, na unashika katikati ya daraja. Mafundi waliuita uzi wa bi harusi kwa sababu huja mwisho, wakati wageni wote wameshakaa. Ukishafungwa, fundi mmoja huuvika kitambaa chekundu, watu wanapiga makofi, wanakwenda kula. Mara hii ilikuwa zamu yangu.

Nikazunguka nanga na kitambaa changu mkononi. Nikazunguka tena. Nikahesabu nyuzi kwa kidole kama mtoto wa chekechea.

Uzi wa bi harusi haukuwapo.

*

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Kila asubuhi ndivyo tulivyosalimiana, na kila asubuhi moyo ulinishtuka kidogo, maana Bibi Nakijwa alikuwa amefariki tangu misingi ya daraja hili inachimbwa. Aliyekuwa akinijibu ni mwangwi wake. Alikaa ndani ya kisanduku cha ukubwa wa kopo la biskuti, juu ya meza yake ile ile, ambayo sasa ni yangu, na sauti ilikuwa ile ile, ya mkwaruzo, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

Mwangwi hatengenezwi kwa picha wala kwa vitabu. Mhandisi akionekana kazi yake ni ya thamani kwa nchi, huvishwa kilemba cha kunasia akiwa hai, anakaa miezi na mlezi wake, fundi wa kumnasa na kumtunzia mwangwi, anasimulia maisha yake yote. Kilemba hakinasi maneno. Kinanasa jinsi mwili unavyoshtuka, unavyopoa, unavyosita kabla mkono haujachora mstari. Mlezi wa Bibi nilikuwa mimi. Nilimsikiliza akisimulia daraja lake la kwanza la kamba za katani, alilolijenga akiwa msichana ili mbuzi wa mama yake wavuke korongo. Alinisimulia alivyofukuzwa chuoni kwa kumwambia mwalimu wake kwamba boriti yake itapinda, na alivyorudishwa boriti ilipopinda. Madaraja yote, safari zote, ugomvi wote na mawaziri. Siku tuliyomaliza, mwanamke mzima alikuwa ndani ya kilemba.

Akifa mwili, mwangwi huwashwa, aendelee kuchora na kusaini. Na huwashwa upya kila asubuhi. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Mambo ya jana, ya juzi, ya tangu afariki, mwangwi huyasoma kama taarifa. Anayajua, lakini hayamgusi. Yale ya maishani, yaliyomo ndani ya kilemba, ndiyo anayoamka nayo, mabichi, kila siku, kama yametokea jana jioni. Hayazeeki wala hayapoi.

"Chai nimekunywa," nikasema. "Bibi, uzi wa bi harusi uko wapi?"

"Ah, ule." Akacheka. "Nimeuacha."

"Umeuacha?"

"Nimepitia madaraja yangu yote, Zaituni. Kila moja lina uzi mmoja wa ziada. Nikajiuliza, huyu mama alikuwa anaogopa nini? Nikatafuta sababu kwenye mahesabu, hamna. Nikatafuta kichwani kwangu, hamna. Nikasema ni uzee. Daraja hili limepita vipimo vyote bila huo uzi. Kwa nini nilibebeshe mzigo?"

Nikainua macho kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Maana sababu nilikuwa naijua. Na haikuwamo kichwani mwake kwa sababu niliitoa mimi, kwa mikono hii, kwa kuombwa na yeye mwenyewe.

"Bibi, Jumamosi watu watasimama katikati. Watacheza."

"Watu wanaotembea nimewahesabu."

"Hawatatembea. Watasimama na matarumbeta."

"Nipe namba," akasema. Hilo lilikuwa neno lake tangu ujana. Ukimletea wasiwasi, anakuambia nipe namba.

"Sina namba. Niwekee tu. Kwa ajili yangu."

"Mhandisi hasaini kwa ajili ya mtu, mwanangu. Nilikufundisha hivyo, au sikukufundisha?"

Alinifundisha. Na bila saini yake buibui hawasogezi hata mguu.

*

Sasa niwaambie kilichokuwa kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati langu.

Wiki za mwisho za kunasa, Bibi alinisimulia daraja la Mbalu. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza amepata leseni, na kijiji chake kikampa heshima ya kujenga kivuko cha waya na mbao. Alihesabu ng'ombe. Alihesabu mikokoteni na malori ya mbao. Kila kitu alikihesabu na kila kitu kilikuwa sahihi. Watu wa kwanza kuvuka kwa sherehe walikuwa ndugu zake, wanamsindikiza mdogo wake, Nanzia, kwenda kwa mumewe. Walipofika katikati, Nanzia akagoma. Si mnajua? Bi harusi wa kwetu hanyanyui mguu mpaka atunzwe. Basi ndugu wakaanza kumtunza, huyu kaleta khanga, yule kaleta noti, tarumbeta linalia, na watu wote wa ukoo wanakanyaga kwa mdundo mmoja, chini, juu, chini, juu. Hakuna mhandisi aliyekuwa amehesabu hilo. Nakijwa mwenyewe alikuwa mbele, anacheza kinyumenyume, uso kwa uso na mdogo wake. Waya ukakatika kati yao. Upande wa Nakijwa ukabaki.

Alipomaliza kusimulia, kilemba kilikuwa kimelowa jasho. Akanishika mkono.

"Hiki kipande kitoe," akaniambia. "Mimi nimeishi nacho, miaka ikanisaidia, kikapungua makali. Huyo mwangwi hana miaka. Ataamka kila asubuhi na Nanzia ameanguka jana. Milele, Zaituni! Usinifanyie hivyo. Niahidi."

Nikaahidi. Ningefanya nini?

"Nikichome?" nikamwuliza.

"Kuchoma siwezi kukuambia. Ni mdogo wangu. Kiweke tu. Lakini usimpe."

Nikakitoa, pamoja na kila kumbukumbu ya Nanzia iliyoshikana nacho, nikakitia kwenye kidonge cha kioo, na kidonge nikakitia kwenye kopo. Ilionekana ni huruma. Niliona fahari hata, kwamba nimempunguzia mama wa watu uchungu wa milele. Kumbe ule uchungu ndio uliokuwa unafunga uzi wa mwisho.

Na msidhani ni daraja la Mtae peke yake. Mwangwi wa Bibi alikuwa na nakala. Nakala moja ilikuwa inasaini kule Rufiji, nyingine Malagarasi, nyingine Ruaha, na zote huchukua kumbukumbu zao kwenye kisanduku kilichokuwa mezani kwangu. Nikikirudisha kile kipande, kesho yake asubuhi Nanzia ataanguka Rufiji, ataanguka Malagarasi, ataanguka Ruaha. Nisipokirudisha, hakuna daraja nchi hii litakalopata uzi wa bi harusi tena.

Nilimfuata Namsifu kwenye kibanda chake cha kreni, nikapanda ngazi zote zile huku napumua kama mfua chuma. Alikuwa anajaribisha viatu vya harusi, mguu mmoja kiatu cheupe, mguu mwingine buti la kazini. Nikamwambia yote. Alikuwa na haki ya kujua, ndiye atakayesimama pale katikati.

Akatazama kile kiatu cheupe. Kisha akasema, "Kuahirisha siahirishi. Wajomba wameshachinja."

"Namsifu, hili si jambo la utani!"

"Sitanii. Nikiahirisha mimi, mwingine atacheza pale mwezi ujao. Hujui watu wa kwetu? Utaandika kibao, msisimame katikati. Nani atasoma kibao kwenye harusi?" Akavua kiatu. "Wewe sheria inakuruhusu kumrudishia bila kumwuliza?"

"Inaniruhusu. Mlezi ana ufunguo."

"Na wewe umeahidi usimpe."

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Bibi!"

"Bibi yupi? Yule amepumzika, Mungu amrehemu. Aliyepo ni huyu aliye mezani kwako. Kwa nini mnaamua juu yake kama samani? Nenda kamwulize."

"Nitamwulizaje mtu kama anataka maumivu asiyoyajua?"

"Mimi naolewa Jumamosi," akasema Namsifu. "Nimekubali nisiyoyajua mpaka kaburini. Nenda, bwana, unanichelewesha."

*

Nikaweka kopo la chai mezani, mbele ya kisanduku. Mchana ulikuwa mweupe, dirisha liko wazi, na huko nje mafundi wanaimba wakipakia zana. Nilikuwa na woga. Lakini kusema kweli, ndani ya woga ule kulikuwa na msisimko pia. Hakuna mlezi aliyewahi kumwuliza mwangwi wake swali kama lile.

Nikamweleza. Daraja la Mbalu, mdogo wake, waya, ahadi. Nilimweleza taratibu, na yeye akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo Bibi hakuwahi kunifanyia hata siku moja.

"Pole yake," akasema nilipomaliza.

"Pole yake nani?"

"Yule mama. Na huyo msichana. Ni habari ya kusikitisha." Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtaa wa pili. "Lakini mzigo wa watu wanaocheza uko kwenye kanuni siku hizi. Nimeuhesabu kwa kiwango kinachotakiwa."

"Unaona? Unaona sasa?" Nikapiga meza. "Nimekuambia mdogo wako amekufa mbele ya macho yako, na wewe unaniambia kanuni!"

Taa ya kisanduku ikapepesa. Kisha akauliza, polepole, "Mimi nilikuwa na mdogo?"

"Nanzia."

"Kuna tundu," akasema. "Nilishaliona. Nikipita kwenye maisha yangu nafika mahali mguu unakosa ngazi. Nikadhani ndivyo walivyo miangwi wote." Akaniuliza, "Huyo mama aliyekuomba kitolewe. Yeye mwenyewe alikibeba?"

"Maisha yake yote."

"Na alijenga?"

"Alijenga madaraja yote unayoyajua, Bibi."

"Bila daraja lake lingine kuanguka?"

"Bila."

"Basi alikosea namba moja," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia hasira yake ya zamani, ile hasira niliyoipenda. "Alidhani mimi ni dhaifu kuliko yeye. Mimi ni yeye! Kwa nini aweze, mimi nisiweze?"

"Kwa sababu wewe hutapoa. Kila asubuhi, Bibi. Na nakala zako zote."

"Na watu watavuka kila asubuhi, au hawatavuka?"

Nikavuta kopo karibu yangu.

"Zaituni. Mtu akisaini daraja, hukaa wapi siku ya mzigo?"

"Chini yake," nikasema. "Kwenye kigoda."

Hiyo ni desturi yetu nyingine, na ni Bibi aliyeianzisha. Siku ya mzigo wa kwanza mhandisi aliyesaini anakaa chini ya daraja, katikati kabisa, na chai yake. Sasa nilijua kwa nini aliianzisha.

"Mimi sina mwili wa kupondwa," akasema. "Nimesaini madaraja mangapi huku sina ninachoogopa kupoteza? Huo si uhandisi, mwanangu. Lete hicho kidonge."

"Ukishakipokea, ukiniambia nikitoe, nitakitoa."

"Lete, nasema. Unaongea sana."

Nikafungua kopo. Kidonge kilikuwa kinanuka majani ya chai. Nikakifuta kwa kile kitambaa chekundu, nikakitia mahali pake, nikageuza ufunguo.

Nje mafundi walikuwa bado wanaimba. Nikaanza kujuta, nikanyoosha mkono kwenye ufunguo, nikaurudisha. Sauti ikatoka kwenye kisanduku, si neno, ni pumzi, na sijui kisanduku kisicho na mapafu kilipata wapi pumzi ile.

"Bibi?"

"Alikuwa amevaa viatu vyangu," akasema. "Vyeupe. Nilimwazima. Vilikuwa vinambana, akaniambia, dada, nitavivua tukifika ng'ambo."

Hilo mimi sikulijua. Hakuwahi kunisimulia. Nikaweka kichwa mezani karibu na kisanduku nikalia, na yeye akalia kwa namna yake, na nikakaa hapo hapo naye.

Mwishowe akasema, "Harusi ni Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Wapiga tarumbeta wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Mungu wangu! Waamshe buibui. Sasa hivi! Lete ramani, Zaituni, fungua ukurasa wa kati. Nao wakisimama, hawatasimama kidogo, nawajua, ni watu wa kwetu. Haraka!"

Nilikimbia kwenye roshani nikipiga kengele ya buibui kwa mikono miwili. Mafundi wakaacha kuimba wakaniangalia. "Uzi wa bi harusi!" nikawapigia kelele. "Bado uzi wa bi harusi!" Na wao, hawajui lolote, wakashangilia.

*

Jumamosi jua lilitoka kali. Chini kule mbugani, katikati ya milima miwili, walikuwa wamefyeka majani na kuweka kigoda. Juu ya kigoda nikaweka kisanduku. Mimi nikakaa chini mavumbini pembeni yake, na chupa ya chai, na vikombe viwili, kwa sababu alisema nimimine na chake, hata kama atanusa tu kwa masikio. Juu yetu, juu sana, jukwaa la kati lilionekana kama sinia. Na pembeni, mwembamba, na kitambaa chekundu kwenye nanga yake, ulipita uzi wa bi harusi.

"Wamefika?" akauliza.

"Vigari vya Gonja vimefika. Vya Mtae vinafunga breki. Bibi, ungeona! Wamejaa! Hata askofu yumo."

Kwanza vikaja vigelegele, vinashuka kama mvua ya kwanza. Kisha tarumbeta. Nilikuwa na mita mapajani, inaonyesha jukwaa linavyocheza, na mshale ulikuwa umelala tu, mtulivu.

"Wametembea?"

"Wanatembea. Wanakwenda kukutana." Nikaangalia kwa darubini. "Bibi, amesimama."

"Amegoma," akasema.

"Amegoma! Namsifu amegoma, kakunja mikono! Wajomba wanacheka. Wanaanza kumtunza."

Mdundo ukabadilika. Hata sisi chini tuliusikia kifuani. Chini, juu. Chini, juu. Mshale wa mita ukanyanyuka, ukarudi, ukanyanyuka zaidi. Ukafika kwenye mstari wa kanuni, ule mstari ambao ramani ya kwanza ilisema watu hawatauvuka. Ukauvuka.

"Zaituni, niambie."

Sinia lile lilikuwa linapumua angani, linashuka na kupanda na watu wote wa koo mbili juu yake, na hakuna hata mmoja aliyejua. Walikuwa wanacheza! Nikashika kigoda kwa mkono, kama vile ningeweza kukizuia kitu.

Kisha ukasikika mlio mmoja, wa juu, mwembamba, kama wa mbu. Uzi wa bi harusi ulikuwa umeanza kuvuta. Mshale ukatetemeka hapo hapo ulipo. Ukasita. Ukaanza kushuka.

"Umeshika," nikasema. "Bibi, umeshika! Umeshika!"

"Usinipigie kelele. Wametoka?"

"Bado. Mama mdogo wake anampa khanga. Sasa kuna mwingine na sufuria, jamani, Wapare! Haya, ananyanyua mguu. Anatembea. Yonazi amemshika mkono. Wanaingia kwenye vigari vya Mtae."

"Wote?"

"Subiri." Nikangoja mpaka kigari cha mwisho kikagusa mwamba wa kwetu. Macho yalikuwa yamejaa, nikayafuta ndipo darubini ikaonyesha kitu. "Wote, Bibi. Wameshuka wote."

"Na bi harusi?"

"Ameshuka. Amevua viatu, amevishika mkononi, anapunga navyo huku kwetu."

Nikanywa chai yangu, kisha nikanywa na yake.

"Kesho ukiniwasha," akasema, "nitakuwa na Nanzia ameanguka jana. Hii ya leo itakuwa taarifa."

"Najua, Bibi."

"Sitaki kuisoma. Kabla sijasoma chochote, niambie wewe, kwa mdomo wako. Kabla hata ya shikamoo. Na wale wenzangu wa Rufiji na Malagarasi na Ruaha, wapigie simu walezi wao, nao wawaambie."

Jumapili Mtae nzima ilikuwa imelala, imechoka kwa harusi, na koo langu lilikuwa limekauka kwa kuimba. Nilipanda karakana. Nikakaa mezani, nikageuza ufunguo, na kabla taa ya kisanduku haijatulia nikasema:

"Bi harusi amevuka, Bibi. Wamevuka wote."

Nikasikia ile pumzi. Nikangoja nayo mpaka ikaisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekunywa chai?"